Kuvua Alfajiri Si Kupoteza Wakati



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetuumba na kuturuzuku, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, tunaomba nafasi katika gazeti letu la mwaka huu tuzungumzie jambo ambalo kila kiangazi kikifika, shule zikifungwa mwezi wa sita, huleta maneno katika nyumba zetu hapa Ujiji. Nalo ni safari ya vijana kwenda ziwani alfajiri, pamoja na marafiki zao, kuvua samaki kwa ndoano.

Wapo wazazi wanaosema safari hizi zikomeshwe kabisa. Wengine wanaona ni upuuzi, kwamba mtoto aliyetolewa ada ya shule na ya madrasa hana haja ya kukaa mtumbwini na mshipi mkononi kama mtu aliyekosa la kufanya. Wengine wanachelea sala. Na wengi zaidi, hasa mama zetu, wanaogopa maji. Sisi vijana wa darasa la juu tunawaheshimu wote hao, na hatusemi kwamba hofu yao haina msingi. Lakini rai yetu ni kwamba safari hii isizuiwe, bali itengenezwe, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na hili la upuuzi. Katika Surat Faatir, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (S.W.) anataja maji ya aina mbili, matamu yanayonyweka na ya chumvi yenye uchungu, na anatukumbusha kwamba kutoka katika yote mawili tunakula nyama mbichi laini. Mara nyingi tukisikia habari za bahari katika Qur'ani tunafikiria Tanga au Unguja, na kujiona sisi watu wa bara hatumo. Tumo. Ziwa Tanganyika ni maji matamu, lina urefu wa kilomita 670 hivi, limegawanyika kwa nchi nne, yaani Tanzania, Congo, Burundi na Zambia, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina. Mtoto wa Ujiji anayelitazama ziwa hili kila siku akienda chuoni bila kulijua ni kama mtu aliyezaliwa karibu na maktaba na hajafungua kitabu.

Na humo mna mengi ya kujua. Samaki hawakuenea mpaka chini kama wengi wanavyodhani. Ukishuka kiasi cha mita mia moja au mia mbili, hewa wanayovuta samaki inakwisha, na chini ya hapo ni giza na maji yasiyokalika. Kwa hiyo riziki yote ya wavuvi, dagaa, migebuka, sangara na kuhe, iko katika tabaka jembamba la juu. Upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa ndio unaoyatikisa maji, ukapandisha kutoka chini rutuba inayolisha vijidudu wanaoliwa na dagaa, na dagaa wakaliwa na mgebuka, na mgebuka akafika kwenye sahani yetu pamoja na mawese na ugali wa muhogo. Tuliosoma sayansi shuleni tulijibu maswali ya mlolongo wa chakula kwa kuchora nyasi, swala na simba, wanyama ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona, hali ya kuwa mfano bora uko mita chache kutoka mlangoni.

Tena tuseme wazi: ndani ya neno hili upuuzi mna dharau iliyojificha. Mvuvi anadharauliwa. Tunakula dagaa wake, tunalipia ada kwa pesa ya dagaa wake, kisha mtoto akishika mshipi anaambiwa "unataka kuwa kama wale?" Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko anachokula mtu kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari. Kijana atakayekuwa daktari au hakimu hatapungukiwa kitu kwa kujua jinsi kidole kinavyouma mshipi unapovutwa ghafla, na jinsi mtu anavyoweza kukaa saa tatu akarudi na samaki wawili.

Sasa hili la sala. Hapa tunakubaliana na wazee kwa asilimia mia moja: safari inayomfanya mtu aikose Alfajiri haina kheri, hata akirudi na kuhe wa kilo tatu. Lakini anayeujua mji wetu anajua kwamba wakati wenyewe unasaidia. Kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua letu linachelewa kuliko la Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu saa. Kiangazi Alfajiri inaingia karibu saa kumi na mbili kasoro, na jua linachomoza saa moja na dakika chache. Mtu anaweza kuamka, akaoga, akasali jamaa msikitini, akasoma nyiradi zake, na bado akafika mwaloni kungali na mwanga hafifu. Wavuvi wa dagaa ndio kwanza wanarudi na taa zao zimezimwa, sisi ndio tunasukuma mtumbwi. Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika mapambazuko yake, na Sahaba Sakhr (R.A.) aliyeipokea hadithi hiyo alikuwa mfanyabiashara, akawa anatuma bidhaa zake mapema asubuhi, akatajirika. Kijana anayelala mpaka saa nne kwa sababu ni likizo yuko nyumbani, ndiyo, lakini ameikosa baraka hiyo, na mara nyingine ameikosa sala yenyewe akiwa kitandani ambako hakuna wimbi wala mamba.

Kwa hakika ziwani fiqhi inatoka kitabuni na kuwa kitu cha kushikwa. Maalim wetu ametusomesha kwamba atakayefikiwa na wakati akiwa chomboni atasali humo humo, atasimama akiweza, na akichelea kizunguzungu au kuanguka majini atasali kwa kukaa. Darasani tuliliandika tu kwenye daftari. Kwenye mtumbwi unaoyumba ndipo unapoelewa kwa nini wanachuoni walilitaja. Na kibla je? Hapa kwetu ukiielekea milima ya Congo upande wa magharibi, kibla kiko mkono wako wa kulia, na nyuma kidogo, kwani Makka iko kaskazini kwetu ikienda kidogo mashariki. Mwanafunzi anayekijua kibla kwa sababu tu mkeka wa msikiti umetandikwa hivyo, siku akiwa katikati ya maji atababaika.

Hata kalenda yetu ya Hijria wavuvi wanaifuata kuliko baadhi yetu tunaovaa kanzu kila siku. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za jua, kwa sababu samaki huufuata mwanga gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, basi wavuvi hupumzika siku kadhaa katikati ya mwezi. Ni zile zile siku ambazo ndani yake mna Ayyaamul-Biidh, tarehe 13, 14 na 15, tulizosuniwa kufunga. Muulize mzee yeyote mwaloni leo ni mwezi ngapi, atakujibu bila kutazama simu.

Tuje kwenye maji, yaani hofu ya mama zetu, nayo ndiyo nzito. Hatutaki kuipitia juu juu. Ziwa hili si bwawa. Upepo unaweza kubadilika kwa muda mfupi, mawimbi yakawa kama ya bahari, na upande mwingine wa fukwe mna mamba na viboko. Wapo wenzetu wanaojibu kwa kusema ajali haina kinga, au aliyezama ni shahidi. Ni kweli imethibiti katika hadithi kwamba anayekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, lakini hiyo ni rehema kwa aliyefikwa, haikuja kuwa ruhusa ya uzembe. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul-Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Kijana anayepanda mtumbwi uliotoboka, bila jaketi la kujiokolea, na kuogelea hajui, amejitupa.

Lakini tazameni, wazazi wetu: dawa ya kutojua kuogelea ni kufundishwa kuogelea. Imepokewa na Nasai kwamba Mtume (S.A.W.) aliyatoa mambo manne katika hukumu ya mchezo usio na maana, na moja lake ni kujifunza kuogelea. Mtoto wa ufukweni akikatazwa maji hawi salama. Ataenda siku moja kwa siri, pamoja na wenzake ambao nao wamekatazwa, kwa mtumbwi walioukuta umefungwa, na nyumbani hakuna anayejua walipo. Bora aende mchana kweupe, na mvuvi mzima anayejulikana, mzazi akijua saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Sisi rai yetu ni kurudi kabla ya saa nne asubuhi, upepo haujachachamaa. Samaki watakaokuwa hawajaumwa na ndoano kufikia saa hiyo na wabaki na Mola wao.

Na awepo amiri. Mtume (S.A.W.) ameamuru watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kiongozi. Kwenye mtumbwi jambo hili si adabu tu, ni uhai. Watu watano wakisimama kwa pamoja kumtazama samaki wa mmoja wao, mtumbwi unapinduka. Akisema amiri "kaeni", mnakaa, hata kama yeye mmemzidi umri au alama za mtihani. Hapo ndipo rafiki anapojulikana. Yuko ambaye msikitini ni mpole, lakini akikosa samaki ananuna na kuwaudhi wote. Yuko mwingine ambaye darasani huitwa mzito, na maji yakiingia mtumbwini ndiye wa kwanza kushika kopo na kuyatoa bila kuambiwa.

Hata hivyo, tusiwaseme wazee tu na kujisahau sisi vijana. Jambo linalotutia wasiwasi zaidi kuliko mawimbi ni lile lililoonekana mwaka 2024. Mwaka huo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, serikali yetu ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa nyumba zinazotegemea mwalo. Na likizo ya mwezi wa sita ikaangukia katikati yake. Basi vijiweni yakasikika maneno: ndoano moja inadhuru nini? Sisi si wenye nyavu. Nani atatuona saa kumi na mbili alfajiri?

Ndugu zetu, kisa hiki tumekisoma. Kimo katika Suratul-A'raaf, kuanzia aya ya 163, habari za watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Mwenyezi Mungu (S.W.) akawajaribu kwa samaki wenyewe, wakawa wanawajia waziwazi juu ya maji siku ya Sabato, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza kwamba baadhi yao wakafanya hila: wakatega mitego kabla ya siku ya katazo na kuja kuopoa baada yake, wakijisifu kwamba siku yenyewe hawakuvua. Ilikuwapo pia jamaa iliyowakataza, na jamaa ya tatu iliyosema kuna haja gani kuwawaidhi watu hawa. Waliookolewa, kama aya zinavyosema, ni wale waliokuwa wakikataza uovu.

Hatusemi kwamba amri ya kufunga ziwa ni sawa na Sabato ya Bani Israil, la hasha. Ile ilikuwa sharia kutoka mbinguni, na hii ni utaratibu wa watawala kwa maslahi ya watu. Lakini mtihani unafanana sana. Ziwa lililotulia huwa na samaki wengi karibu na ufuko, wanaonekana, na mvulana ana ndoano mfukoni. Asiyeweza kujizuia kwa samaki mmoja wa mchezo, kesho atawezaje kujizuia kwa fedha ya amana? Kwa hiyo sharti la kwanza la safari yetu ni kuuliza kwa viongozi wa mwalo, kila mwaka, kama ziwa limefungwa au liko wazi. Likiwa limefungwa hatuendi, hata kama likizo yote itapita. Tutangoja likizo nyingine.

Na wala si ziwa lililofungwa tu. Kuhe, huyu tunayempenda kwa mchuzi, anapozaa hutaga mayai chini karibu na ufuko, na dume na jike wote wawili husimama kulinda mayai na vifaranga vyao. Ukimvua mmoja wakati huo, umevua na watoto, kwa sababu samaki wengine wanawasubiri. Wapo pia samaki wadogo wa mawe wanaobeba vifaranga mdomoni. Ukimtoa mmoja kwenye ndoano unaweza kuona vitoto vyake vinamtoka mdomoni na kuanguka kwenye kiganja chako. Aliyeyaona hayo hawezi tena kucheka akiliona kokoro linaburuzwa ufukweni na kukomba kila kitu. Ule mfano aliotupigia Mtume (S.A.W.) wa watu waliopanda merikebu moja, wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu kwa kupita kuteka maji, tulikuwa tukiusikia katika hotuba za Ijumaa kama habari ya maasi kwa jumla. Mwaloni tunauona kwa macho. Wavu wa matundu madogo wa mtu mmoja ni tundu katika chombo cha nchi nne.

Kwa sababu hiyo pia hatukubaliani na wenzetu wanaovua ili kupiga picha na kurusha samaki ovyo mchangani. Mawindo ya majini tumehalalishiwa, Suratul-Maida aya ya 96, na maiti wa majini ni halali, hahitaji kuchinjwa, na hii ni takhfifu kubwa kutoka kwa Mola wetu. Halali hiyo ni ya kula na kunufaika. Kiumbe mwenye roho si shabaha ya mchezo. Tukipata samaki mkubwa kuliko haja yetu, Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) azidishe maji ya mchuzi na kuwaangalia majirani. Mchuzi wa kuhe unazidishika vizuri sana, tena ukitiwa mawese.

Dada zetu watasema mbona haya yote ni ya wavulana. Wana haki. Lakini kazi ya dagaa kuanzia mwaloni, kuwaanika na kuwauza, kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa mama zetu, na humo mna elimu isiyopungua ya mtumbwini: kwa nini dagaa wa kwenye kichanja wanauzika kuliko wa kwenye mchanga, na wingu likitanda mtu afanye nini. (Anayekula dagaa wa mchangani na kusikia kokoto jinoni hahitaji kuelezwa.) Tungependa safari ya wasichana pamoja na walimu wao iwe ya kwenda vichanjani asubuhi hiyo hiyo.

Basi ombi letu kwa kamati ya wazazi ni hili. Isiwe ni kukataza wala kuachia tu. Iwepo safari moja katika likizo ya mwezi wa sita, ziwa likiwa wazi, na nyingine mwezi wa kumi na mbili, hali ya hewa ikiruhusu. Vijana wasizidi watano katika mtumbwi, wote wawe wamesali Alfajiri jamaa, wote wawe na barua ya mzazi, na asiyejua kuogelea abaki ufukweni na mshipi wake mpaka afundishwe. Mtumbwi uwe wa mvuvi mtu mzima anayekubalika na kamati, naye alipwe haki yake kama siku ya kazi, tusimtumie bure kwa kisingizio cha madrasa. Nguo za kuvulia ziwe mbali na za kusalia, ili Adhuhuri msikitini watu wasisumbuliwe na harufu yetu. Na atakayekuwa na Surat Huud ajifunze aya ya 41, dua ya Nabii Nuh (A.S.) ya kupanda chombo, aisome yeye kwa niaba ya wenzake tukisukuma mtumbwi.

Kinachokosekana ni majaketi ya kujiokolea. Madrasa haina hata moja, na bila ya hayo hatuombi ruhusa. Tumekwisha kuweka kopo la mchango kwa maalim wa zamu, na kila mwanafunzi wa darasa la juu ameahidi kutia humo sehemu ya pesa yake ya Idi. Mzazi atakayependa kutuongezea tunamkaribisha, hata yule ambaye bado anasema tusiende.

Wabillahi taufiiq.